Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na maelezo kuhusu rangi ya ndege yetu ya mfano, ya kivita aina ya F-5

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Katiba ya chama chetu cha waunda ndege za mfano inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi wa kamati. Hii nimeiandika mwenyewe, na katibu anazo nakala tatu kwa atakayetaka kuisoma tena nyumbani. Kabla sijasimama nimehesabu waliomo ukumbini: tuko 17 kati ya wanachama 41. Jambo hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Likizo ya Aprili tuliwafundisha watoto wa mtaa kukata, kupiga msasa na kugundisha, na wawili kati yao bado wanakuja. Tulimzika mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu, na vifaa vyake familia imetuachia kwa hisani kubwa. Kompresa ya kupulizia rangi iliharibika mara mbili, ikatengenezwa mara mbili. Mashindano ya ndani hayakufanyika kwa sababu waliojiandikisha walikuwa wanne. Hayo yanatosha, kwa maana najua kilichowaleta wengi wenu leo ni rangi ya ndege, niliyoivua bila kuitisha kamati.

Kazi yetu kubwa ya mwaka ilikuwa F-5E ya Jeshi la Wanahewa la Kenya kwa kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli, pamoja na mandhari yake ya uwanja wa Laikipia kule Nanyuki. Wazo nilililetea kamati mimi, na kumbukumbu za mkutano wa Januari zinaonyesha hivyo. Ndege hizi ziliingia nchini mwaka 1978. Wengi wetu tulikua tukizitazama zikipita kwenye televisheni siku ya Jamhuri, na kelele zake tukiziigiza uani. Sikuona sababu ya chama cha Wakenya kuunda kila mwaka ndege za Wajerumani na Wajapani huku yetu hatujaigusa.

Kwa wageni, niseme ukubwa wake. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 14.45, na mabawa yake yanatanda mita 8.13. Kwa kipimo chetu inakuwa na sentimita 30 kwa urefu na karibu 17 kwa upana. Fundi wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 3.6, sawa na kidole cha mtoto. Ubao wa mandhari ni sentimita 60 kwa 45. Jambo la kushika hapa ni kwamba, kwa kipimo hicho, kosa la nusu milimita juu ya ndege yetu ni kosa la milimita 24 juu ya ndege ya kweli. Mtu akiniambia "dosari ile ilikuwa ndogo tu, haionekani", hesabu ndiyo hiyo.

Mwezi wa Februari mwanachama mmoja alipendekeza mandhari yetu iwe ya tarehe 1 Agosti 1982, siku wanajeshi wa wanahewa walipojaribu kuipindua serikali. Nilikataa, na kamati ikaniunga mkono. Kuna familia hapa Pwani na bara ambazo siku ile haijawaishia, na sisi tunaweka kabati letu mahali wanapopita watoto wa shule. Tulikubaliana kuonyesha asubuhi ya kawaida ya kazi: ndege imeegeshwa, mafundi wawili wamefungua kifuniko cha bunduki puani, wa tatu amesimama kwenye ngazi. F-5E ina bunduki mbili za milimita 20 puani, kila moja na risasi zake 280, na mtu akiinama kwenye kioo anaziona zote mbili. Mirija yake tuliichonga upya kwa sindano, kwa sababu iliyokuja kwenye seti ya vipande vya plastiki ilikuwa minene mno.

Kazi ile ilikuwa nzuri, na walioifanya nawashukuru kwa dhati. Puani tulitia chubwi nne za mshipi wa kuvulia, tukazifunga kwa gundi, kwa kuwa bila uzito ndege inakaa mkia chini. Mguu wa mbele ulikuwa umeshagundishwa ukiwa umerefuka, nikauondoa. F-5 hurefusha mguu ule ili kuinua pua wakati wa kuruka, lakini ikiegeshwa pua inashuka. Majani makavu ya Nanyuki yalitoka kwenye kamba ya katani, ikafumuliwa uzi kwa uzi, ikachovywa kwenye chai ya rangi na kupandwa kwa kibano mashina 20, 30 kwa wakati mmoja. Bi. Mhazini peke yake alipanda upande mzima wa kushoto, na kwa maoni yangu hakuna sehemu ya ubao ule inayoushinda. Masizi ya moshi puani ni masizi ya kweli ya kibatari.

Mlima nao ulileta maneno. Mchoraji wetu aliuchora Mlima Kenya nyuma ya ubao ukimeremeta, theluji nyeupe, jua limeupiga usoni. Ni mchoro wa kupendeza. Lakini Nanyuki iko upande wa kaskazini-magharibi ya mlima, na asubuhi jua linachomoza nyuma yake. Mtu aliyesimama pale alfajiri anauona mlima mweusi, umekatika kama upanga dhidi ya mbingu, na baadaye mawingu yanaufunika. Nilimwomba auchore upya, akauchora, na hatukugombana. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa na tabia ya kuvunja kazi za watu kwa kupenda.

Sasa niingie kwenye mwezi wa Mei.

Ndege ilikuwa imepakwa rangi na kijana wetu mmoja kwa wiki tatu. Rangi za mgongo, mchanga na kijani, zilikutana kingo kwa kingo bila mstari mgumu. Naukumbuka mpaka mmoja juu ya bawa la kulia, laini kama kivuli cha wingu. Stika za maji zenye alama ya jeshi zilikuwa zimekwisha kuwekwa. Lililobaki ni vanishi ya kufunga, na maonyesho yalikuwa siku tisa mbele. Jioni ya Alhamisi, mvua ikiwa imenyesha tangu adhuhuri, vanishi ikapigwa. Mimi sikuwapo. Nilifika baada ya Isha kufunga mlango, nikawasha taa, nikaikuta ndege imefanya ukungu mweupe kuanzia shingoni hadi mkiani, kama kioo cha gari alfajiri.

Sababu yake si uzembe wa mtu, na naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Vanishi ya aina ile hukauka kwa kasi, na ikikauka kwa kasi huupoza uso inapokaa. Hewa yetu ya Mei imejaa maji. Mvuke ukigusa uso uliopoa hugeuka matone madogo mno ndani ya vanishi ambayo bado mbichi, na hapo weupe unafungika. Anayeishi mahali pa hewa kavu anaweza kupiga vanishi ile bila kuliona jambo hili. Sisi tunaishi kando ya bahari.

Kuna wanachama wanaosema kwamba ningepiga juu yake thina ya kukauka polepole, ukungu ungeyeyuka. Maneno hayo yamesemwa barazani, hayakuletwa kwenye kamati. Jibu langu ni kwamba nilifanya hivyo hivyo. Nilijaribu chini ya bawa la kushoto, mahali pasipoonekana, usiku ule ule. Nusu ya ukungu iliondoka, lakini rangi ya chini ikaanza kutembea na stika ikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nikangoja hadi asubuhi, nikarudi baada ya Alfajiri, weupe uliobaki ulikuwa pale pale. Ndipo nikachukua spiriti na pamba, nikaivua ndege rangi yote.

Nilifanya peke yangu, bila kuitisha kamati. Katiba inasema uamuzi wa matumizi ya zaidi ya shilingi 5,000 upitie kamati. Rangi ya pili iligharimu 4,150. Sikuvunja katiba. Fedha zile nilizitoa kwanza mfukoni mwangu, nikarudishiwa baada ya miezi mitatu, na risiti ziko kwa mhazini. Kama ningesubiri kikao, kwa mahudhurio yetu mnayoyajua, vanishi ingekomaa, na baada ya hapo ningelazimika kutumia thina kali inayokula plastiki. Mistari ya mabati iliyochongwa kwenye plastiki ingefutika. Tungebaki na ndege isiyofaa kupakwa tena, na pengine tusingepata seti nyingine.

Ni kweli kwamba maonyesho tuliyakosa. Ni kweli kwamba wakati wa kuivua nilivunja mrija wa puani, na tuliouweka sasa ni sindano ya hospitali, ambayo kwa kweli imenyooka kuliko ule wa kwanza. Lakini walionitaka nipeleke ndege yenye ukungu mbele ya watu, kwa hoja kwamba "watoto hawatajua", sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anajua. Mtoto ndiye anayeweka pua kwenye kioo.

Lipo moja ambalo nalikiri. Sikumpigia simu kijana aliyeipaka. Alikuja Jumamosi na rafiki zake wawili kuwaonyesha kazi yake, akaikuta ndege ya plastiki ya kijivu imelala kwenye gazeti, na pamba za kijani zimejaa kwenye ndoo. Hakusema neno. Alichukua brashi zake akaondoka, na tangu siku ile hajarudi. Nimekwenda kwao mara mbili, nimezungumza na mama yake. Uamuzi wa kuivua ningeurudia kesho. Ila ningeanza kwa kumgongea mlango, hata kama ni saa kumi na moja ya alfajiri, tukaivua naye.

Rangi ya pili niliipaka mimi, mwezi wa Julai, hewa ilipokauka kidogo. Vanishi safari hii ilikuwa ya maji, tabaka nne nyepesi, kila moja ikisubiriwa siku nzima. Ndege haina ukungu. Mpaka ule wa kijani na mchanga juu ya bawa la kulia haukutoka kama wake, na nimejaribu mara tatu.

Sasa fedha. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 18, yaani 43,200. Ambao hawajalipa ni 23, na deni lao ni 55,200. Michango mingine ni 21,500, jumla ya mapato 64,700. Matumizi: seti ya ndege pamoja na usafirishaji 9,800, rangi na thina za kwanza 6,300, rangi ya pili 4,150, kompresa 3,500, kabati la kioo 14,000, ukumbi 12,000, mbao, plasta na gundi 5,400, nauli 2,600. Jumla 57,750. Salio ni 6,950. Mhazini atajibu maswali.

Ndugu zangu, kati ya hao 23 wamo waliosema kwa sauti kubwa kabisa kuhusu shilingi 4,150 za rangi. Sitataja majina. Nasema tu kwamba deni lao peke yao lingenunua seti nyingine tano za ndege ile ile na chenji ikabaki. M-Pesa iko mkononi mwa kila mtu, na namba ya mhazini haijabadilika kwa miaka minne.

Na mahudhurio. Mikutano ilikuwa 12, na wastani wa waliofika ni 11. Mwezi wa Juni tulikuwa sita, na mikutano miwili haikufikia akidi. Ukumbi tunaulipia shilingi 1,000 tukija wote, tukija sita. Mara nyingi nimefungua mlango, nikapanga viti 40, nikavirudisha ukutani mwenyewe. Mwaka huu nimefanya hivyo bila kulalamika, na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema. Vijana wanaokuja kutujaribu wakikuta viti vitupu, hawarudi.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia, Mungu akipenda, kushiriki maonyesho tuliyoyakosa. Tunafikiria pia ndege ya pili, pengine helikopta, na kama hali ya fedha itaruhusu tutatafuta mashine ya kukausha hewa chumbani ili vanishi isitutie tena katika mtihani. Kuna mazungumzo na shule moja kuhusu kuweka kabati letu maktabani. Yakikamilika mtaarifiwa.

Kabati liko mlangoni, na ufunguo ninao mimi. Katika kumbukumbu na kwenye kibao cha shaba nimeandikisha jina la kijana yule kuwa mpakaji wa ndege, kwa sababu ramani ya rangi na michoro yake ilikuwa yake, nami nimeifuata. Anayempitia njiani namwomba amwambie kwamba brashi namba sifuri aliyoisahau nimemwekea kwenye droo ya juu, imeoshwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti