Risala ya Wanafunzi wa Kiswahili wa Mwaka wa Tatu, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Wahadhiri na walezi wetu,
Wazee wetu mliotoka vijijini kuja kukaa nasi leo,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Walioitikia salamu hiyo ya Cigogo, lugha ya Wagogo wa hapa Dodoma, tumewasikia. Ambao hamkuitikia na huu ni mwaka wenu wa tatu Dodoma, tutaonana baada ya shughuli.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tulipokupigia simu uliuliza jambo moja tu: "Vumbi bado lipo?" Lipo, mheshimiwa. Limepungua kandokando ya barabara za lami, lakini upepo wa mwezi wa nane ukianza, shati jeupe bado linarudi bwenini likiwa na rangi ya udongo wa Ugogoni.

Kukusomea wewe historia ya chuo hiki ni sawa na kumwonyesha mvuvi bahari, maana wewe ni wa ile awamu ya kwanza ya wanafunzi, ya mwaka 2007. Tuvumilie kidogo, kwa sababu wapo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ambao wakati huo walikuwa bado wanabebwa mgongoni.

Masomo yalianza Septemba 2007 pale Chimwaga, kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano ya CCM. Miaka miwili tu kabla yake, ndani ya ukumbi huohuo, wajumbe walimteua Jakaya Kikwete kuwa mgombea urais. Naye alipoingia Ikulu ndipo chuo hiki kikazaliwa. Hayati Benjamin Mkapa akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Profesa Idris Kikula Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Wenzetu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupenda kutuita watoto. Sisi huwakumbusha kwamba hata wao, Oktoba 1961, walianzia kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wakiwa na darasa moja la sheria lenye wanafunzi wasiofika 20. Kwa hiyo wote tumelelewa kwenye nyumba ya chama. Tumepishana miaka tu.

Eneo letu ni kama hekta 6,000, na chuo kilipangwa kifikie wanafunzi 40,000. Majengo mengi yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani akiba za wafanyakazi wa nchi hii. Jambo hili tunalisahau kila tunapoandika majina yetu ukutani. Ndaki, yaani vitivo vyetu vikubwa, zimetawanyika vilimani, ukichelewa gari kutoka Insia hadi Tiba utaelewa maana ya hekta. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, chuo kilikuwa tayari na miaka tisa hapa. Tuliitangulia Serikali, mheshimiwa, na hilo tunaomba liandikwe.

Kuhusu taaluma, mambo mengi uliyoyaacha utayakuta. Vimbweta, yale madawati ya nje ya kujisomea, bado vinajaa usiku wa kuamkia mtihani. Sapu, mitihani ya kurudia, bado zipo. Desa nalo, yaani notisi za kunakiliana, lipo, ila limehama kutoka kwenye fotokopi iliyofifia likaingia kwenye simu, na sasa mtu mmoja anaweza kukosea kwa niaba ya darasa zima ndani ya dakika moja. Mwenzetu anayesoma Historia na Kiswahili huandika asubuhi insha ya Vita vya Majimaji kwa Kiingereza, mchana akachambua ngeli kwa Kiswahili. Jioni anapiga simu nyumbani Kondoa kwa Kirangi. Lugha tatu kwa siku moja, na tatu zote zinamdai usahihi.

Hapo ndipo penye neno letu la leo.

Mwaka jana kikundi chetu kilifanya utafiti mdogo wa majina ya mahali katika Wilaya ya Chamwino. Tulibeba barua ya utambulisho, tukapita kwa mtendaji wa kijiji, tukaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa anapepeta uwele chini ya mbuyu. Tulimwuliza kwa nini majina mengi ya huku yanaanza na "Chi": Chimwaga, Chihanga, Chilonwa, Chinangali. Darasani tungesema ni kiambishi cha ngeli, ndugu wa "ki" ya Kiswahili. Bibi hakusema kiambishi. Aliweka ungo chini, akaokota kijiti, akasema jina lake kwa Cigogo akianza na "chi". Kisha akanyoosha mkono kuonyesha mti mzima, akautaja bila hiyo "chi". Akafanya hivyo kwa kisu, kwa kigoda, kwa mtoto wa jirani. Tulijaza kurasa sita. Akatueleza pia kwamba Mpwapwa tunayoiandika ni Mhamvwa iliyotamkwa na wageni, na jina la Dodoma linatokana na kudidimia, habari ya tembo aliyezama kwenye tope. Tulipoaga alituuliza: "Wajukuu zangu, mmekuja na kalamu. Mtarudi na nini?"

Tukaahidi kurudi na kitabu.

Mheshimiwa, hatukurudi. Ripoti iliandikwa, ikasahihishwa, tukapata alama nzuri, ikawekwa kabatini. Hakuna aliyetuzuia kurudi. Tulimaliza mtihani tukaenda likizo, basi. Kosa ni letu, na tunalisema mbele ya wazee hawa kwa sababu wawili kati yao wametoka kijiji hichohicho na wanalijua.

Kumbi za mihadhara tunazo, maktaba tunayo, na kwa hayo hatukuombi kitu. Tunaomba mambo mawili madogo. Kwanza, utusaidie kuchapisha nakala 100 za kijitabu cha majina ya mahali, kwa Kiswahili na Cigogo, herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Rasimu ipo tayari na mlezi wetu ameipitia. Pili, basi moja kwa siku moja la kutupeleka kijijini kwa bibi, kabla mvua za Desemba hazijaanza, kwa sababu zikianza barabara ile haipitiki na wenyeji wote watakuwa shambani.

Kijitabu chenyewe kina makosa. Ukurasa wa nne tumeandika jina la mlima kwa namna mbili, na tumeziacha zote makusudi ili wenyewe wachague.

Salamu za bibi tumeletewa leo asubuhi na mtendaji. Anasema yu mzima, anatusubiri, na kwa kuwa tumechelewa mwaka mzima, tukija tuje na sukari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanafunzi wa Kiswahili, mwaka wa tatu.