Nitimizeje wasia wa marehemu mke wangu bila kuivunja siri yake?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na ni mgane tangu mwezi wa Rajabu uliopita, alipofariki mke wangu ambaye niliishi naye tangu ujana wetu. Hitma ya kutimiza mwaka inakaribia, watoto wetu wote wanne wanarudi nyumbani kwa shughuli hiyo, na kuna jambo kubwa katika maisha ya mama yao ambalo hawalijui. Nimewaendea watu ninaowaamini, kila mmoja akanipa shauri lake, na mashauri hayo hayapatani. Ndiyo sababu nimeona niliweke mbele yenu ninyi msionijua, mnishauri bila kunionea haya.

Kwanza niwaeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Tulipokuwa Handeni, nilikohamishiwa kufundisha wakati mishahara ikichelewa, alianza kupika vitumbua na mikate ya kumimina, na biashara hiyo hakuiacha hata tuliporudi mjini. Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa nikisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, kisha kimya kidogo, kwa kuwa alikuwa akiuonja unga kwa ncha ya kidole ajue kama umeumuka vizuri. Usipomridhisha hakuwauzia watu. Aliwapikia wanawe wakala mpaka wakachoka, na siku hiyo wateja waliambiwa warudi kesho. Kwa sheria ya dini yetu mali ya mke ni yake na matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na mimi nilijitahidi kuutimiza wajibu wangu. Hata hivyo, miezi ambayo mshahara haukufika nilikuta sukari imenunuliwa na ada ya chuo cha Qur'ani imelipwa, wala hakunikumbusha hata siku moja kwamba ni yeye aliyelipa. Kijana wetu wa pili alipokataa shule akiwa kidato cha pili, mama yake hakumpigia kelele. Alimwamsha alfajiri akoroge unga na kubeba beseni hadi stendi ya mabasi pamoja naye, na baada ya majuma machache kijana mwenyewe akaomba sare yake ifuliwe. Leo huyo ni mhasibu, naye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Marehemu alikuwa na shoga yake wa tangu utotoni kule Pangani, waliosoma chuo kimoja na kucheza upatu mmoja hadi mauti yalipowatenganisha. Yule bibi aliugua kwa muda mrefu, na katika muda huo wote mke wangu alikuwa akimaliza biashara yake ya asubuhi, anakwenda kumfulia, kumwogesha na kumlisha uji, kisha anarudi kutupikia chakula cha mchana. Shoga yake alipofariki, mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Marehemu yule aliacha binti mmoja aliyekuwa darasa la tatu, ambaye baba yake aliondoka zamani na hakujulikana aliko, na mtoto akachukuliwa na mama yake mdogo, mwanamke mwema lakini asiye na kipato cha kueleweka.

Matanga yalipoanuliwa, mke wangu aliniambia kwamba angemsomesha mtoto yule kwa fedha zake mwenyewe, na kwamba mtoto asingeambiwa kamwe. Angeelezwa kuwa mama yake aliacha akiba kwenye upatu, na kwamba akiba hiyo ndiyo inayomlipia. Nilipomuuliza kwa nini afiche jambo jema, alinijibu maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Mtoto akijua anasomeshwa kwa huruma atatembea ameinamisha kichwa. Huyu nataka atembee akijua mama yake alimwachia kitu." Tangu siku hiyo, mwisho wa mwezi, alifunga noti kwenye pindo la kanga, akajitanda nyingine juu, akaenda kwa yule mama mdogo baada ya magharibi, wakati ambao watu hawaulizani wanakokwenda. Serikali ilipofuta ada katika shule za sekondari za umma mwaka 2016 alifurahi sana, kwa kuwa binti alipofika huko mzigo ulibaki sare, madaftari na michango midogo. Mzigo mkubwa umekuja sasa, maana binti yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, ya miaka mitatu, na chuo kina ada, bweni, sare nyeupe, vifaa vya mafunzo na nauli za kwenda kwenye mazoezi ya hospitali.

Ugonjwa uliomchukua mke wangu haukukaa muda mrefu. Siku chache kabla ya kufariki, akiwa na akili zake timamu, aliniita mimi na wenzake wawili wa upatu akatuambia kwamba bangili zake mbili za dhahabu na zamu yake ya upatu iliyokuwa imekaribia ni za binti yule hadi amalize chuo, na akarudia kwamba asijue zimetoka kwa nani. Hakuandika. Wale mabibi wawili wapo hai na wanakumbuka kila neno, na fedha za zamu walizikabidhi kwangu ilipofika.

Kisheria, nijuavyo mimi na kama alivyonithibitishia sheikh wa msikiti wetu, wasia huo hauna dosari ya msingi. Binti si mrithi, kwa hiyo anaweza kuusiwa. Wasia hauruhusiwi kuvuka theluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na bangili mbili pamoja na fedha za upatu haziifikii theluthi hiyo, kwa sababu marehemu aliacha pia shamba la michungwa Muheza alilorithi kwa baba yake. Kinachobaki baada ya wasia ndicho kinachogawanywa. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Hivyo mimi mume nina robo, na robo tatu ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Kwa kuwa tuna wavulana wawili na wasichana wawili, ukiigawa mali mafungu 24 mimi nachukua sita, kila mvulana sita na kila msichana matatu. Hesabu hiyo haina mgogoro. Mgogoro ni pale msimamizi wa mirathi anapoorodhesha mali na kuniuliza, kwa haki yake kabisa, bangili za mama ziko wapi.

Nilimjibu kwamba zipo kabatini, zimeusiwa, na si za kugawanywa. Akauliza zimeusiwa nani. Nikamwambia mama yake alitaka jina lisitajwe. Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana kuna watu mtaani waliokwisha kuniona nikienda kwa yule mama mdogo jioni kupeleka ada ya muhula, ambayo nimeilipa kwa pensheni yangu ili nisiguse kitu kabla jambo halijaisha. Yule mama aliachika zamani na hana mume. Sihitaji kueleza minong'ono ya Ngamiani inakwendaje. Haikupita muda mwanangu mkubwa, aliyeko Muscat kikazi, akanipigia simu akaniambia kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko ukali: "Baba, ukitaka kuoa, oa, hakuna wa kukuzuia. Lakini usioe kwa dhahabu ya mama." Wasomaji wangu, nilishindwa kumjibu. Ukweli ninao, na ungemaliza neno hilo kwa dakika moja, lakini ukweli huo si mali yangu.

Mwanangu huyo huyo ametuma fedha za kulijengea kaburi la mama yake kwa marumaru na kuliwekea jiwe lenye maandishi ya dhahabu kabla ya hitma. Naelewa uchungu wake. Hakuwahi mazishi, na anataka mkono wake uonekane mahali. Hata hivyo, mbali na kwamba yapo mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanayokataza kuyapaka makaburi chokaa na kuyajengea, mimi nina sababu yangu nyingine. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Tongoni, kusini ya mji huu, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi zilizopita, mengine yakiwa na minara na vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Wanafunzi walipenda kuuliza fulani huyu alikuwa nani, na kwa mengi ya makaburi yale sikuwa na jibu, kwani hayana jina na hakuna aliyebaki wa kusimulia. Fedha zile za marumaru zingetosha kumvusha binti muhula mzima na kubaki. Lakini nitamwambiaje mwanangu azielekeze huko bila kumwambia huko ni wapi?

Jambo la tatu limekuja kutoka kwa binti yetu mkubwa, na hili ndilo lililonikalisha niandike barua hii. Yeye ndiye anayeandaa wasifu wa mama yake utakaosomwa siku ya hitma na kuchapwa katika kijitabu cha picha. Amenitumia rasimu niipitie. Imeandikwa kwa mapenzi na kwa Kiswahili kizuri, na mwalimu wake wa zamani, yaani mimi, sina cha kusahihisha katika lugha. Lakini imesema kwamba mama "aliishi kwa ajili ya mume na watoto wake tu, hakuwa na jambo lingine duniani". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Binti ameiandika kama sifa, nami najua si kweli, na kila nikiisoma naona nusu ya maisha ya mke wangu imefutwa na mtu anayempenda. Alikuwa mke wa kweli na mama wa kweli, lakini urafiki wake haukuwa wa kupita kutwa kwenye vibaraza. Aliutunza baada ya mwenzake kuingia kaburini, mwaka baada ya mwaka, bila kutegemea kushukuriwa na yeyote, kwa kuwa aliyestahili kumshukuru alikwisha kufa na aliyenufaika hakuambiwa. Ukiliondoa hilo, mwanamke anayesimuliwa katika rasimu ile ni mwema, lakini si yule niliyeishi naye.

Mashauri niliyopata ni haya. Sheikh ananiambia kwamba sadaka ya siri ina daraja kubwa, lakini wasia ni haki ya aliyeusiwa na msimamizi wa mirathi hawezi kuutekeleza bila kumjua, kwa hiyo angalau yeye aambiwe. Mmoja wa mashahidi wawili amenieleza waziwazi kuwa hatafungua kinywa mbele ya watoto, kwa sababu aliahidi mbele ya mtu anayekata roho. Mwenzangu wa zamani kazini ananishauri niziache bangili zigawanywe, nimsomeshe binti kwa robo yangu, na heshima yangu irudi. Shauri hili la mwisho ndilo jepesi, na limenikosesha usingizi. Robo yangu kwa sehemu kubwa ni miti ya michungwa, si fedha mkononi. Pensheni yangu mnaijua pensheni ya mwalimu. Na mimi ni mtu mzima, nikitangulia kabla ya mwaka wa tatu binti atabaki katikati ya njia bila mtu anayejua kwamba ana haki ya kusaidiwa. Zaidi ya hayo, sadaka ile ni ya marehemu. Nikiilipa kwa mali yangu nitakuwa nimefanya jema langu, na lake nitakuwa nimeliacha.

Ninachofikiria mimi ni kuwaita watoto wanne peke yao usiku wa kuamkia hitma, bila wakwe wala wajomba, pamoja na yule shahidi aliye tayari kusema, niwaeleze yote na kuwaapisha kutunza siri. Hofu yangu ni kwamba siri ya watu wanne wenye wake na waume haikai, na binti mwenyewe atakuwepo kesho yake, kwa maana huja kila shughuli yetu kuosha vyombo na kugawa birika la kunawia, na mimi ananiita baba bila kujua sababu kamili ya mlango wetu kuwa wazi kwake. Neno moja la kumtazama vibaya, au hata la kumwonea huruma, litabomoa kile alichojengewa tangu darasa la tatu.

Kwa hiyo naomba mnishauri, hasa wenye elimu ya mirathi na wale waliowahi kuachiwa siri na marehemu wao. Je, kiapo cha mume na ushahidi wa wale mabibi wawili vinatosha kwa msimamizi wa mirathi kuutekeleza wasia akitajiwa kiasi tu, bila jina, au ni lazima ajue? Ikiwa ni lazima, nimwambie yeye peke yake na kuwaacha wenzake watatu waendelee kunidhania ninalodhaniwa, au niwaambie wote wanne? Na katika wasifu ule, niifute sentensi ya binti yangu na kuandika nini mahali pake, ili mke wangu asomwe kama rafiki pia, na msichana atakayekuwa ameketi ukumbini na birika mkononi asijitambue? Hitma ni mwezi wa Rajabu, na kijitabu kinatakiwa kiwandani cha uchapaji kabla ya hapo. Nitashukuru majibu yakinifikia mapema.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Ngamiani, Tanga