Msiogope dawa kijitoni kama tunataka trauti wa asili warudi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wakisikia kijito cha mlimani kinatiwa dawa kuua samaki wote wanakasirika sana na mi nawaelewa kabisa, ila kama kweli tunataka trauti wa asili, hao samaki wa maji baridi, warudi hiyo kazi haikwepeki. Mfano ni Colorado kule Marekani.

Trauti mgongo-kijani ndo mwenyeji wa vijito vya juu vya mto South Platte. Wakavuliwa ovyo, migodi ikachafua maji, afu watu wakaleta wageni: trauti wa mashariki ya Marekani, trauti wa kahawia wa Ulaya na trauti wa upinde wa mvua wa upande wa Pasifiki. Hao wawili wa kwanza wanamnyang'anya mwenyeji chakula na nafasi, huyo wa tatu anazaana naye kabisa, yaani vizazi vikipita unabaki na machotara. Mwaka 1937 mgongo-kijani akahesabiwa ametoweka.

Sasa ukimwaga vifaranga vya asili kwenye maji yenye wageni hao umewapelekea chakula tu. Ndo maana kwanza panatafutwa maporomoko au panajengwa kizuizi ili samaki wa chini wasipande, afu sehemu ya kijito iliyo juu ya kizuizi inawekwa rotenoni, dawa inayotoka kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya mikunde, jamii hiyohiyo ya utupa, na huku chini wanatia pamanganeti ya potasiamu kuivunja nguvu isiendelee kushuka na maji. Wadudu wa majini baadhi nao hufa, hilo silifichi, na linaniuma, ndo maana nataka ifanyike na watu wanaojua kazi.

Na samaki anayerudishwa awe ndiye mwenyewe jamani! Baadaye walipatikana samaki waliodhaniwa ni mgongo-kijani, Colorado wakawapandikiza miaka mingi, 2012 watafiti wakapima DNA na kulinganisha na samaki wa zamani waliohifadhiwa makumbusho, kumbe wengi waliokuwa wanapandikizwa ni ukoo mwingine, mgongo-kijani halisi kabaki Bear Creek tu karibu na Colorado Springs, kijito ambacho wala si kwao, mwenye hoteli mmoja ndo aliwapeleka huko karne ya 19. Kutoka kwa hao wachache wakazalisha vifaranga, kijito cha Herman Gulch kikaondolewa samaki wageni, watu wa kujitolea wakapanda mlima na samaki mgongoni, na 2022 jimbo likatangaza wanazaliana wenyewe. Nilifurahi mno kusoma hiyo habari.

Kwahiyo wavuvi wenzangu, nawasihi, usichukue samaki hai kijito kimoja ukamwachia kingine hata kama unaona unasaidia, maana wageni wawili tu, dume na jike, wakivushwa juu ya kizuizi wataanza kuzaa na itabidi dawa itiwe upya. Na buti zako zioshe tope na zikauke kabla hujaingia maji mengine, vimelea vya magonjwa ya trauti vinasafiri humohumo kwenye tope.

Mvuvi msomaji wenu