Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunaomba ufunguo, fulana zinatosha

Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa,
Dar es Salaam.

YAH: UFUNGUO WA DARASA LA JUMAMOSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu kwanza. Tunatumaini u mzima na kazi zinakwenda. Sisi ni wazazi na walimu wa elimu maalumu tunaoendesha kikundi cha mazungumzo cha vijana wenye usonji (autism, hali ya kuzaliwa inayofanya mtu apokee sauti, maneno na watu kwa namna tofauti na wengi wetu), pamoja na wale wenye shida ya umakini na utulivu ambayo madaktari huiandika ADHD. Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza zilipita masjala zikagongwa muhuri, na nakala tunazo.

Jumamosi iliyopita saa 3:30 asubuhi, darasa tulilopewa kwa maandishi kwa wiki 16 tulilikuta na kufuli jipya. Mlinzi, ambaye hatumlaumu, alisema ameambiwa chumba kimewekewa viti na mabango ya maadhimisho. Vijana wanane walisimama getini juani dakika arobaini, mmoja wao ameziba masikio muda wote. Wawili wamesema hawarudi tena. Tunakisia kuwa aliyeagiza kufuli hakujua kuna watu humo kila Jumamosi, au alijua akaona ni watoto tu wanacheza bao. Vyovyote iwavyo, inaonekana ofisini hakuna anayefahamu kinachofanyika ndani ya chumba kile, kwa hiyo tunakieleza hapa mbele ya kila mtu.

Ndiyo, tunacheza bao. Au tuseme tunatumia kete zake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mezani tupo wanane, watano vijana wetu na watatu wanafunzi wa madarasa ya kawaida, kwa hiyo kila mmoja hupata kete nane bila kubaki hata moja. Ukisema jambo, unatumbukiza kete shimoni. Zikiisha, unasikiliza mpaka wenzako nao wamalize. Yule anayeweza kueleza aina za mabasi ya mwendokasi kwa dakika ishirini bila kuvuta pumzi anaziona kete zake zikiisha kwa macho yake, hahitaji mtu wa kumwambia "nyamaza". Na yule asiyefungua mdomo anaona bado anazo nane na watu wanamsubiri.

Kuna mahali mchezo huu huharibikia, nasi tunapajua. Wiki ya tatu vijana huanza kumwaga kete. Mtu anasema "sawa", "ndiyo", "eeh", mradi zimwishie akae kimya. Kwa sababu hiyo wiki ya nne sheria hubadilika: kete huhesabiwa tu kama neno lako limeshika alilosema mwenzako, umemuuliza juu yake au umeongezea. Hapo ndipo kazi ilipo, na huchukua wiki tatu kamili kuzoeleka. Wiki ya saba kete hupungua kuwa nne kwa kila mtu, wiki ya tisa zinaondolewa kabisa. Ukiziondoa mapema, wanarudi walikotoka. Ukichelewa, utasikia kijana anamuuliza muuza chipsi amebakiwa na kete ngapi.

Kufuli lako lilikuja wiki ya sita, Ndugu Mkurugenzi, katikati ya sheria ya pili.

Tuliambiwa kwa mdomo kwamba tutafute chumba kingine. Kijana mwenye usonji akiingia mahali papya, nguvu nyingi humwishia katika kupasoma mahali penyewe: mlango uko wapi, feni inalia vipi, nani anakaa wapi, kengele italia saa ngapi. Ya kumsikilizia mtu inabaki kidogo sana. Ndiyo sababu tunang'ang'ania chumba kilekile, saa ileile, hata kiti kilekile. Wiki mbili za mwanzo hatufundishi kitu zaidi ya kuingia, kusalimiana, kusoma ratiba ubaoni na kutoka. Wageni hudhani tunapoteza muda.

Na si kila chumba kinafaa. Wengi wa vijana hawa masikio yao hayachuji sauti kama yetu. Mvua juu ya bati, spika ya duka la jirani na kondakta anayeita abiria vyote huingia kwa uzito uleule wa sauti ya anayezungumza nao. Taa za mirija zinazopepesa nazo huwachosha. Darasa lile liko kona ya nyuma, mbali na barabara, lina dari, na tulikwishaweka mikeka miwili na mapazia ya khanga chakavu kupunguza mwangwi. Mikeka ni ya kwetu na imefungiwa humo pamoja na viti vyako.

Sasa salamu, ambazo kwetu ni nusu ya kazi yote. Muulize kijana wetu "habari za nyumbani?" naye atakwambia maji yamekatika tangu Jumanne na bibi anaumwa mguu. Amesema kweli tupu, ila aliyeuliza keshafika kona. Tunamfundisha kuwa salamu ni kubisha hodi, mwenye nyumba hahesabiwi vyombo. Kisha tunagawa. Aliye na umri wa mzazi au mwalimu wako: shikamoo, subiri marahaba, halafu mwache yeye aendeleze. Rika lako: mambo, poa, basi. Kundi la watu: salamu moja kwa wote, usimzungukie kila mmoja. Kikomo cha umri tulikiweka baada ya kuona shikamoo anapewa dada wa miaka ishirini na tano, akakasirika kweli.

Baada ya hapo yanakuja maneno yanayosema hili na kumaanisha lile. "Karibu chakula" njiani hujibiwa "ahsante, nimeshiba", hata kama una njaa, na wala huulizwi unapenda mboga gani. "Naja" husemwa na mtu anayeondoka. "Nimefika" kwenye simu huenda bado yuko Ubungo kwenye foleni. Haya tunayaandika ubaoni katika safu mbili, neno na maana yake ya mtaani, na kila wiki vijana huleta mapya waliyoyaokota. Ofisi yako imetusaidia sana kuurefusha ubao huu. Tumeongeza "tutalifanyia kazi". Tumeongeza "njooni Jumatatu". "Suala lenu lipo kwenye mchakato" limetushinda, kwa sababu kijana mmoja aliuliza mchakato ni siku ngapi na hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu.

Katika semina ya mwezi Aprili, ile ya siku ya kimataifa ya usonji, ambako fulana zilitosha kila mtu na nyingine zikabaki, mtoa mada aliwaagiza vijana wamtazame machoni kila wanayezungumza naye. Tunamheshimu, lakini alisoma karatasi ya watu wengine. Kwanza, kwa wengi wenye usonji kutazama macho ya mtu huku unamsikiliza ni kazi mbili kwa mpigo, na moja lazima ianguke. Pili, huku kwetu kijana anayemkodolea macho mtu mzima ataambiwa hana adabu. Sisi tunawaambia wageuze mwili upande wa msemaji, watazame bega au mikono yake, na waitikie "mm" au "enhe" hapa na pale. Inatosha kabisa. Kijana anayelazimishwa kuigiza kutwa nzima ili afanane na wengine hufika nyumbani amekwisha, na mlipuko wa jioni huwa wa mama yake, mtoa mada hayupo.

Kosa lingine ni la walimu wema kabisa. Ukimuuliza kijana wetu swali, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi hungoja sekunde mbili, kisha huuliza tena kwa maneno mengine. Lile la kwanza alikuwa amelifikisha katikati, sasa inabidi alitupe aanze la pili. Likija la tatu anaziba masikio, na ripoti ya shule inaandikwa "mkaidi".

Wiki ya kumi na kuendelea tunafundisha kuingia kijiweni. Simama hatua tatu nje ya kundi. Sikiliza wanaongelea nini. Ngoja sauti zipoe, toa salamu moja, sema jambo moja tu, nalo liwe la mada iliyopo. Halafu angalia: wamekusogezea nafasi? Kuna aliyekuuliza swali? Kama hakuna, "haya, tutaonana", unaondoka na siku haijaharibika. Tunawaambia wazi kuwa hata wasemaji hodari hukataliwa vijiweni, maana kijana asiyeambiwa hili hudhani kukataliwa mara moja ni hukumu ya maisha. Kwenye WhatsApp kanuni ni fupi zaidi: ujumbe mbili zisizojibiwa, ya tatu ingoje kesho. Na hapo kesho ni kesho.

Wale watatu wa madarasa ya kawaida hawaji kusaidia wagonjwa. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wenye usonji hawatusomi vizuri, nasi hatuwasomi vizuri wao. Mwaka 2020 mtafiti Catherine Crompton na wenzake walijaribu kupitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu kwenye minyororo ya watu wanane. Mnyororo wa wenye usonji watupu uliihifadhi hadithi sawa na wa wasio nao. Ule uliochanganywa ndio uliopoteza zaidi. Kwa hiyo hao watatu wana masomo yao: sema unachokusudia, tangaza unapobadili mada, ukimwalika mwenzako taja mahali na saa. Hatuchukui viranja, kwa kuwa huja kuamrisha. Tunachukua wanaopenda vitu vilevile, mabasi, mpira au kuchora, kwani urafiki huanzia kwenye kitu kilichopo mezani kuliko kwenye nasaha.

Kuna somo moja linalotunyima usingizi. Kijana mwenye kiu ya rafiki ni rahisi kutumiwa. Ataagizwa aseme tusi ili wengine wacheke, atabebeshwa mizigo, ataombwa namba ya siri ya M-Pesa. Tunampa maswali matatu ya kujiuliza: huyu hunisalimia hata akiwa na wenzake? Huwahi kunitafuta bila kuhitaji kitu? Nikikataa, bado ni rafiki? Namba ya siri haitolewi kwa yeyote, hata kwa sisi. Na kwa sababu anayezungukazunguka huku akijisemesha anaweza kuitiwa mwizi katika jiji hili, na unajua hilo humalizikaje, kila mmoja hutembea na kadi mfukoni yenye maelezo mafupi na simu ya mlezi. Wiki ya 13 wanafanya mazoezi ya kuitoa taratibu, mikono ikionekana.

Wiki ya 13 hatujaifikia.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, unaifahamu kuliko sisi. Ahadi uliyotoa jukwaani unaikumbuka, maana ilipigwa picha. Barua ya kwanza tuliomba mengi: walimu wawili wapewe kibali cha Jumamosi, ubao mpya, nauli ya vijana waliomaliza shule ambao kondakta hawezi tena kuwahesabu wanafunzi. Ya pili tuliacha nauli. Ya tatu tuliacha ubao, na walimu wanakuja kwa hiari yao. Fedha hatuombi, hata ile asilimia 2 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu hatujaitaja popote. Tunaomba ufunguo. Mmoja, wa kufuli jipya, pamoja na karatasi kwa mlinzi yenye tarehe za Jumamosi kumi zilizobaki na saa: 3:30 hadi 5:00 asubuhi.

Viti vya maadhimisho tutavipanga ukutani wenyewe, kwa adabu.

Kama haiwezekani, tunaomba uandike "haiwezekani". Neno hilo vijana wetu wanalielewa, halina safu ya pili ubaoni, na wakiambiwa mapema tunaweza kuwaandaa kwa wiki mbili wahamie chumba kingine bila kumpoteza mwingine. Kinachowavunja ni kufika getini.

Ofisi hufungwa saa 9:30 alasiri. Mmoja wetu atakuwa mapokezi Ijumaa kuanzia saa 3:00 asubuhi mpaka muda huo, akiwa na nakala zote nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wazazi na walimu wa kikundi cha Jumamosi
Dar es Salaam

Nakala: Mlinzi wa zamu, kwa taarifa