Kaka Festo, nenda ukapimwe figo

Mwanjelwa, Mbeya
Julai

Kaka Festo,

Kamwene! Huku baridi imekaza, asubuhi maji ya ndoo hayashikiki. Sisi wazima.

Ulichonieleza kwenye simu hakijanitoka moyoni. Ulikojoa damu siku mbili, ikakoma, ukasema basi imepita. Festo, hapo ndipo ninapoogopa. Ya mjomba wa Tukuyu nayo ilikoma. Alitoka shambani akakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Zahanati wakachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo, kiboksi chake kinachoonyesha damu kikageuka rangi, akaandikiwa dawa ya UTI. Ikakoma. Miezi mitatu baadaye ikarudi, akapewa dawa ya kichocho. Hakuna aliyemwambia akapige ultrasaundi. Alipoipiga, tena kwa shida nyingine ya tumbo, uvimbe wa saratani kwenye figo ya kushoto ulikuwa umefikia ukubwa wa parachichi. Na hakuwahi kusikia maumivu! Figo ikatolewa, tukauza ng'ombe wawili. Leo anatembea mwenyewe hadi kanisani, namshukuru Mungu.

Uliuliza kama mkojo wenyewe hauwezi kuonyesha saratani. Watu wanakitafuta kipimo hicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliona kwamba saratani za figo zilizo nyingi humwaga kwenye mkojo protini mbili, akwaporini-1 na perilipini-2, na figo yenye uvimbe ikitolewa, zinashuka. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya watu 720 waliokuja kupigwa CT ya tumbo, yaani picha za ndani ya mwili, kwa sababu nyingine, wakawalinganisha na wagonjwa 19 wa saratani ya figo. Protini hizo ziliwatenga wagonjwa waziwazi. Niliposoma nilimwaza mjomba: kikopo kimoja cha mkojo, kabla hata damu haijatoka!

Ila kijiti cha zahanati zetu hakisomi hizo. Kinasoma damu, sukari, protini za kawaida na dalili za maambukizi. Kikija safi wiki hii, usitulie, maana damu ya saratani hutoka na kukoma.

Na wewe una presha, sigara umeacha juzi tu, na vyote viwili huongeza hatari. Jumatatu nenda hospitali ya mkoa hapo Iringa. Usiseme "mkojo unanisumbua." Sema: "Nilikojoa damu, naomba figo na kibofu vitazamwe kwa ultrasaundi." Kama nauli na kipimo vinabana, niambie leo, nitakutumia kwa simu.

Ukitoka chumba cha kipimo nipigie, hata kama niko sokoni.

Ndugu yako,
Asifiwe