Barua kwa mwanangu: uwe umeshuka kabla ya giza

Mwanangu,

Mama yako ndiye aliyeniambia jana tukila kwamba ile Jumamosi yako ya mapumziko huko mkutanoni Barcelona utashinda juu ya kilima cha Montjuïc, peke yako. Ni yeye aliyeniambia, si wewe. Basi nakuandikia kabla hujafunga sanduku, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Neno langu ni moja: uwe umeshuka kabla ya giza. Utaniambia Ulaya kuna taa. Ya Kona Baridi, siku ile giza lilipotukuta, unayajua, siyarudii, na aliyesema tungoje kidogo tuone jua likitua hakuwa wewe. Lakini hapa Nairobi tumezoea jua linalozama baada ya saa kumi na mbili, mwaka mzima. Huko katikati ya Novemba linazama kama saa kumi na moja na nusu. Utatazama saa, udhani bado una muda, kumbe kumeshaingia kiza.

Sikukatazi kwenda. Ningekuwa na miguu yako ningekwenda mwenyewe, na ningeanzia uwanjani. Ule ndio uwanja wa Olimpiki ya 1992, nawe hukuwa umezaliwa. Matthew Birir dhahabu, Patrick Sang fedha, William Mutwol shaba, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wote wetu! Birir alikuwa kijana wa miaka 20. Siku chache kabla yake William Tanui alishinda mita 800, Nixon Kiprotich akamfuata kwa sehemu nne za mia za sekunde. Wewe Sang unamjua kama kocha wa Kipchoge tu. Sisi tulimjua akiwa mbioni. Uwanja wenyewe ni wa 1929, na wenyeji walitaka Olimpiki ya 1936, ikapelekwa Berlin, wakangoja hadi 1992. Ukikuta lango liko wazi, ingia, unipigie picha. Usisahau kama ulivyosahau ile ya mahafali.

Panda asubuhi, si saa sita. Treni ya chini ya ardhi itakufikisha kituo cha Paral·lel, hapo ubadilishe uingie ile inayopanda kilima, kwa tiketi ile ile. Vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi ile ngome ya kileleni vina tiketi yake. Ukitaka kubana pesa, tembea: kilima hakifiki mita 200 juu ya bahari, na wewe umelelewa mahali palipo zaidi ya mita 1,600. Hutahema.

Ngomeni usipite mbio kwa ajili ya kutazama bandari tu. Mle ndimo alimopigwa risasi Lluís Companys, rais wa Catalonia, jimbo la huko Barcelona, mwaka 1940, chini ya utawala wa dikteta Franco. Leo uwanja wa Olimpiki una jina lake. Nasi Dedan Kimathi, mpigania uhuru wetu, tulimpa barabara na sanamu katikati ya mji, nawe ulipita pale miaka yote ya chuo na sikuwahi kukusikia ukimtaja.

Nyumba ya michoro ya Joan Miró iko njiani, hiyo ni yako, mimi siijui. Mama yako yeye anataka picha ya Kristo wa Taüll, ule mchoro wa karne ya 12 uliobanduliwa kwenye ukuta wa kanisa la milimani na kuhamishiwa jumba kubwa la makumbusho, MNAC. Jumamosi kuanzia saa tisa kiingilio ni bure. Na hapo ndipo roho yangu inaposhtuka. Utaingia saa tisa, jumba ni kubwa, nawe ukianza kusoma vibao huondoki. Saa kumi na moja kamili toka. Usikate njia kupitia bustani hata kama ramani ya simu inasema ni karibu. Shuka kwa zile ngazi za mbele ya jumba, moja kwa moja hadi Plaça d'Espanya, kwenye watu na treni.

Ile chemchemi ya maji na taa ni ya usiku, najua, na haiwashwi kila siku. Lakini iko chini, karibu na hapo Espanya. Waambie wenzako wa mkutano wakukute pale, muitazame pamoja. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni wewe kuwa juu, kumeshaingia giza, na huku kwetu ni saa moja na nusu usiku, taarifa ya habari imekwisha na simu yako haipatikani.

Karatasi utakayoisoma huko mkutanoni, nimewaambia watu wa jumuiya. Najua hupendi. Nimeshawaambia.

Koti la mama yako lichukue, ile sweta haitoshi. Maji hayajaja tangu Jumatatu, kwa hiyo ukija Ijumaa kutuaga, fua nguo zako huko kwako. Fundi wa tangi amechukua pesa ya kwanza na hajarudi. Mdogo wako ameandikiwa miwani, nusu ya pesa nimeshalipa. Kama unaweza hiyo nusu nyingine itume kabla ya safari, usipoweza nitangoja mwisho wa mwezi. Nakala ya pasipoti iache kwenye droo ya mama yako.

Ukifika Espanya siku hiyo, tuma ujumbe. Neno moja tu, "nimeshuka."

Babako