Barua kwa shangazi: fomu, basi na sikio

Melbourne, Australia

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima wote, joto tu ndilo linatubabua.

Katika ile sauti uliyonitumia umeuliza: kama serikali ya huku inalipia sehemu kubwa ya ada, mbona wazazi wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, hawajazani milangoni mwa chekechea? Ada ni sehemu tu ya jibu. Mimi ningeanza na fomu.

Kumwandikisha mtoto kunataka cheti cha kuzaliwa, rekodi ya chanjo, namba ya mzazi kutoka ofisi ya misaada ya serikali, makisio ya kipato cha mwaka, na maelezo ya nani anaishi na mtoto. Kwako hayo ni makaratasi. Kwa bibi ambaye ndugu zake walichukuliwa na serikali wakiwa wadogo, hilo swali la mwisho linatisha. Ripoti ya kitaifa ya 1997 ilikadiria kuwa kati ya 1910 na 1970, watoto wa wenyeji hao walioondolewa kwao kwa nguvu walikuwa kati ya 1 kwa kila 10 na 1 kwa kila 3. Na hadi leo, watoto wao wanaolelewa nje ya familia ni wengi kupita kiasi.

Kwa hiyo kituo kinachoendeshwa na jamii yenyewe hakimkabidhi mtu fomu mlangoni. Anatumwa mama wa makamo anayefahamika mtaani. Huku humwita anti, hata kama si ndugu wa damu. Anakwenda nyumbani, anakunywa chai, anajaza nusu ya fomu, wiki inayofuata anarudi kumalizia. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, jambo la kawaida, anakifuatilia yeye kwa msajili. Sasa, nani anamlipa anti kwa saa hizo? Ukitaka kujua kama ushirika wa serikali na jamii ni wa kweli, uliza hilo.

Mwaka 2020 serikali zote za nchi hii, ya kitaifa na za majimbo, zilitia saini makubaliano na muungano wa mashirika ya wenyeji. Ahadi ni 4: kuamua pamoja, kuimarisha mashirika ya jamii, ofisi za serikali kujirekebisha, na kugawana takwimu. Kwenye karatasi hayana kasoro. Kinachoharibika ni utaratibu. Afisa anakuja na mpango uliokwisha kuchapwa na bajeti iliyofungwa, kisha anawaita wazee "kushauriana". Hapo wazee wanaarifiwa tu. Inavyotakiwa, jamii ikutane kwanza peke yake na kutaja inachotaka. Bajeti ijadiliwe ikiwa bado wazi. Wazee walipwe kama mshauri mwingine yeyote. Na mkataba uwe wa miaka 5 au zaidi. Wa mwaka 1 ukifika mwezi wa 9, walezi wameshaanza kuomba kazi kwingine, na mtoto aliyezoea sura moja anaanza upya kulia. Tena usiombe fedha zipitie kwa shirika kubwa la nje: linakata gharama zake za uendeshaji, la mtaani linabaki na makombo pamoja na kazi yote.

Na fedha zenyewe zina mambo. Zamani vituo vingi vya Kiaborijini vilipewa fungu la mwaka. Julai 2018 fungu likaondolewa, ikaja ruzuku ya saa kwa saa inayomfuata mtoto. Ruzuku hiyo haijui dereva wala mpishi, na bila basi la asubuhi nusu ya darasa haifiki. Halafu mtoto ana siku 42 za kukosa kwa mwaka wa fedha bila ruzuku kukatwa. Zikizidi, panahitajika sababu inayokubalika na ushahidi. Msiba wao unaweza kuchukua wiki kadhaa, ukoo mzima ukasafiri, na hapo siku zinakatika haraka. Mzazi wa kipato cha chini asiye na kazi alikuwa akipata saa 24 tu za ruzuku kwa wiki 2. SNAICC, shirika lao la kitaifa la watoto lililoanzishwa 1981, lilipigania sana jambo hili. Julai 2023 zikawa angalau saa 36 kwa watoto wao, na tangu Januari 2026 ni saa 100, mzazi awe na kazi au asiwe nayo.

Sasa sikio, maana wewe mwalimu utalielewa. Watoto hawa huanza kupata maambukizi ya sikio la kati mapema mno, na nyumba zenye msongamano huzidisha. Majimaji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu wala usaha. Wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii, na mwalimu asiyejua anamwita mkaidi. Walezi wenye uzoefu humwita jina kwa sauti ya chini akiwa amewapa mgongo. Baada ya uji kila mtoto anapewa karatasi laini, anapenga kamasi pua moja baada ya nyingine, anaitupa na kunawa. Redio huzimwa wakati wa hadithi, na mlezi huketi chini, uso kwa uso. Muuguzi wa zahanati ya Waaborijini huja kituoni na otoskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya sikio. Majimaji yakikaa miezi 3 kwenye masikio yote mawili, mtoto hupelekwa kupimwa usikivu. Zahanati ikiwa mbali na haizungumzi na kituo, rufaa hupotelea kwenye mkoba wa mtoto.

Usidhani mambo yamenyooka. Uandikishaji umepanda sana, lakini katika sensa ya maendeleo ya watoto wanaoanza shule, watoto wa Kiaborijini walioonekana wako sawa katika nyanja zote 5 za makuzi walikuwa asilimia 35.2 mwaka 2018, 34.3 mwaka 2021, na 33.9 mwaka 2024. Lengo la yale makubaliano ya 2020 ni asilimia 55 ifikapo 2031. Jina kwenye daftari halimleti mtoto darasani.

Watoto hawa wana wimbo wao wa kupenga kamasi; nitakurekodia Jumapili, uwatungie wako maneno ya Kiswahili. Nisalimie wote hapo nyumbani, na bibi mpe mkono wangu.

Mimi mwanao